Mikisa ya zamani inayonguruma: usikimbilie kubadili kapasita zote

Mkuu, umesema umenunua kwa kwaya moja mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya analogi ya miaka ya 80, chaneli 12. Inanguruma hata usipochomeka kitu, chaneli ya 3 na ya 9 ni bubu, na fida (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) karibu zote zinakwaruza. Unauliza kama ung'oe kapasita zote (vile vikopo vinavyoshika akiba ya umeme) uweke mpya. Naona wadau wawili wameshakwambia ng'oa tu. Mimi nasema usiguse kwanza.

Piga hesabu mwenyewe. Chaneli moja ina kapasita za maji 15 hivi. Mara 12 ni 180, yaani miguu 360 ya kuyeyusha risasi kwenye bodi yenye umri wa miaka 40 na shaba upande mmoja tu. Shaba ya bodi hizo inabanduka kama ganda la kitunguu ukizidisha moto. Utaingia na magonjwa matatu utoke na kumi, na yale saba mapya umeyaleta wewe, kwa hiyo hata pa kuanzia kuyatafuta hupajui.

Yangu niliipata kwa mjomba, aliyekuwa akipiga besi kwenye bendi ya maharusi hapa Tanga. Ilikaa stoo miaka kumi na ushei, na stoo yenyewe ukitoka nje unasikia bahari. Wa pwani mnajua upepo wa chumvi unavyoyala mabati. Kwenye jeki na soketi unakula vilevile, ila kimyakimya.

Anza na pawasaplai, sehemu inayolisha umeme mashine nzima. Mngurumo unaosikika kwenye chaneli zote bila kitu kuchomekwa, mshukiwa wa kwanza ni huyo. Sikiliza kwa hedifoni: umeme wetu ni wa hezi 50, na mngurumo wa waya za ethi kujizungusha mara nyingi ni wa 50, mzito, unaukamata tumboni. Kapasita za kuchujia zikikauka mngurumo ni wa hezi 100, kwa sababu daiodi zinakunja nusu zote mbili za wimbi, na sauti yake ni kama nyuki mzingani. Huna haja ya sikio la fundi. Pakua programu yoyote ya simu inayotoa toni, piga 50 kisha 100, linganisha.

Kabla hujawasha ukiwa umeifungua, tengeneza serisi kama ya mafundi redio wa zamani: balbu ya wati 60, ile ya waya ndani (ya LED haisaidii), ikae kwenye njia ya laivu kuelekea mashine. Palipo na shoti balbu inawaka kwelikweli na mashine inapona. Pakiwa shwari inamulika kidogo, halafu inafifia.

Sasa mita. Waya mweusi kwenye ethi ya bodi, mwekundu kwenye mguu wa kutolea wa regyuleta, kile kipande kinachoshikilia volti zisiyumbe. Yangu ilitakiwa kutoa +15 na −15. Chanya nikapata 15.1, safi. Hasi nikapata 12.6, na nilipogeuza mita kwenda AC (umeme wa mawimbi) palepale ikasoma karibu volti nzima, wakati upande wa chanya ulikuwa milivolti chache tu. Maana yake regyuleta ilikuwa nzima ila inashinda njaa. 7915, yaani regyuleta ya upande wa hasi, inataka iingiziwe volti 2 au 3 zaidi ya zile inazotoa. Kapasita iliyokauka haishiki akiba, volti zinazama kati ya wimbi na wimbi, na shimo hilo unalisikia kwenye spika. Nilipoitoa, kapasita iliyoandikwa 4700 mikrofaradi ilipima mia sita na kitu. Kwa macho ilikuwa haijavimba wala kuvuja, kwa hiyo usihukumu kwa sura.

Hapa ndipo nilipojichoma. Upande wa hasi, mguu chanya wa kapasita ndio unaokwenda ethi. Nilikuwa nalijua hilo darasani, ila saa tano za usiku nikatazama jirani yake wa upande wa chanya nikaweka mpya ielekee vilevile. Na siku hiyo serisi nilikuwa nimeivivia. Nikawasha, nikahesabu labda hadi nne, ikapasuka kama fataki, kikopo kikagonga dari, chumba kikajaa harufu ya samaki aliyeoza na vipande vya karatasi vikawa vinashuka taratibu juu ya meza. Mama akaja mlangoni, akatazama dari, akatazama mimi, akasema, "Mwanangu, hiyo redio ya mjomba wako irudishe stoo." Tangu hapo napiga picha kila sehemu kabla ya kuigusa, na alama ya chanya naiandika kwenye bodi kwa kalamu ya wino.

Ukilazimika kubadili regyuleta zenyewe, 7815 (ya chanya) na 7915 si pacha. Miguu yake haifuatani, na mgongo wa 7915 hauko ethi, uko kwenye umeme unaoingia. Ukisahau kurudisha kile kikaratasi cha maika kati yake na chasisi umepiga shoti.

Na jambo moja lisilo la bodi: kuna watu wanaua mngurumo kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi. Usifanye. Laivu ikigusa chasisi siku moja, wa kwanza kujua atakuwa mwimbaji, kwa midomo yake kwenye maiki.

Pawasaplai ikishapona ndipo uende kwenye chaneli, na hapa mikisa ina utamu ambao redio haina. Huna ramani ya sakiti? Unazo kopi 12 za sakiti ileile, na kumi kati yake zinafanya kazi. Chaneli ya 4 ndiyo mwalimu wa chaneli ya 3. Pima pointi kwenye nzima, pima pointi ileile kwenye bubu, ziandike kwenye karatasi pande mbili. Zinapoachana ndipo penye ugonjwa.

Lakini kabla hata ya mita, chukua jeki ya stereo uichomeke na kuichomoa mara ishirini kwenye tundu lililoandikwa INSERT nyuma ya chaneli ya 3 na ya 9. Usicheke. Ndani ya tundu hilo kuna vibati viwili ambavyo jeki isipokuwepo vinagusana na kupitisha sauti. Vikiota kutu, chaneli nzima inanyamaza huku kila kitu kikiwa kizima. Mimi nilipeleka toni ya simu kwenye laini ya chaneli yangu bubu, nikasukuma jeki, kimya. Nikaichomoa taratibu, na ilipofika katikati toni ikaruka mara moja ikapotea. Nikatia tone la spiriti ya isopropili kwenye jeki, nikarudia, na chaneli ikafufuka bila bisibisi. Zile waya bapa kati ya bodi na bodi nazo zichomoe na kuzirudisha, ugonjwa wao ni uleule.

Chaneli yangu ya pili haikupona kwa jeki. Tundu la INSERT likanisaidia kwa namna nyingine: liko katikati ya njia, kwa hiyo nilipochukua sauti hapo kwenda kwenye spika ndogo ya kompyuta nikaisikia. Basi maiki na gaini ziko salama, mgonjwa yuko kwenye ikwalaiza au mbele yake. Huko kuna aisii za TL072, vile vipande vyeusi vya miguu minane vinavyokuza sauti. Mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi, na ya 1 na ya 7 ndiyo inayotoa. Mashine ikiwa imetulia, ya 1 na ya 7 isome karibu na sifuri. Mojawapo ilisoma volti 13. Imekufa. Nilikata miguu yake juu kwa kikatio, nikatoa mguu mmoja mmoja, nikaweka soketi kwanza. Kung'oa aisii nzima kwa mkupuo ndiko kunakobandua shaba. Na risasi ya zamani iliyogoma, iongezee mpya kidogo, italainika.

Utashauriwa aisii zote uzibadili uweke NE5532. Sauti yake ni nzuri kweli, lakini kila moja inakula kama miliampea 8, TL072 haifiki 3. Aisii 50 ni zaidi ya robo ampea ya nyongeza kwenye transfoma ambayo haikupangiwa mzigo huo. Isitoshe sokoni bandia ni nyingi. Mimi niliagiza Kariakoo, zikaja kwa basi, kati ya kumi mbili maandishi yake yalifutika kwa spiriti.

Fida usizipulizie WD-40. Leo mkwaruzo unapungua kidogo, halafu mafuta yake yanakusanya vumbi na grisi ya awali imeshaondoka. Puliza vumbi kwanza, kisha kisafisha-mguso cha fida chenye kilainishi, kidogo tu, sukuma juu na chini mara hamsini umeme ukiwa umezimwa. Nobu zipange kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uleule, utanishukuru.

Fida ikirudi kukwaruza baada ya siku mbili, usiilaumu tena. Pima DC (umeme usio na wimbi) kwenye mguu wake wa kuingia. Ukikuta hata nusu volti, kapasita inayoiletea fida hiyo sauti inavujisha, na hiyo ndiyo ya kubadili. Kwangu zilitoka nne tu kwa njia hiyo, jumla pamoja na zile za pawasaplai zikawa sita. Zile nyingine za mwaka ule zingali zinapiga kazi hadi leo.

Kwa hiyo usiku huu ukiwa na mita, nipe namba nne: DC na AC za upande wa chanya, DC na AC za upande wa hasi. Na useme ile jeki kwenye INSERT ya 3 na ya 9 imeleta nini. Kalamu na daftari viwe karibu, pasi ya risasi iache kabatini.