Korti imesema tukae chini tuongee, na mimi nikimwona natetemeka

*Shangazi, habari yako. Mimi ni mama wa watoto wawili, kijana wa miaka 7 na kasichana ka miaka 3. Tunaishi kwa dadangu hapa Umoja tangu mwezi wa tatu, vile nilitoka kwa nyumba Githurai na watoto na begi moja. Sasa mzee amenipeleka korti ya watoto Milimani anasema niliiba watoto, na ati mimi sina kazi nauza tu mboga kwa kibanda na yeye ako na mshahara. Korti imesema kwanza twende upatanishi, tarehe ni Alhamisi ya wiki ijayo. Mamangu ananiambia niende nikiwa mpole nisitaje mambo ya kuchapwa juu nitamkasirisha akate pesa ya watoto. Pasta naye anasema Mungu ametufungulia mlango wa kurudiana. Hakuwa ananichapa kila siku shangazi, ni akikasirika tu, kuna siku alinishika shingo mpaka nikaona giza lakini aliomba msamaha. Shida yangu ni nikikaa na yeye meza moja nitakubali chochote, hivyo ndio huwa, akiniangalia tu nanyamaza. Ni lazima niende? Watanipokonya watoto juu nilitoka? Na kijana ananiuliza kama ataambiwa achague mtu mmoja, nimwambie nini? – Mama Wawili, Umoja*

Mwanangu, wacha nianze na kale kamstari umekapitisha katikati haraka haraka, kwamba alikushika shingo mpaka ukaona giza. Kesi umeielezea vizuri, kibanda umekielezea, pasta umemweleza, halafu shingo ukaipa nusu mstari na ukaifunika na msamaha. Kuna watafiti Marekani waliochunguza wanawake waliouawa na waume ama wapenzi wao, kazi yao ilitoka 2008, wakapata kwamba mwanamke ambaye mtu wake aliwahi kumkaba koo hapo awali, hatari ya yeye kuishia kuuawa na huyo mtu inapanda zaidi ya mara 7. Makofi ni mabaya, lakini mkono kwa koo ni kitu kingine kabisa, na sababu watu wanaudharau ni kwamba mara nyingi hauachi alama ya kuonyesha jirani. Tulipoandamana hapa town Januari 27, 2024 juu ya wasichana wetu wanaouawa nilikuwa nasikia watu kando ya barabara wakiuliza kwani hawa hawakuona dalili. Dalili ndiyo hiyo umeniandikia.

Na umetoka, umefanya vizuri, lakini ujue miezi ya kwanza baada ya kutoka ndiyo mibaya zaidi, ndiyo wakati mtu wa aina hiyo anaona ameshindwa. Kwa hivyo kabla hata tuongee mambo ya korti, nenda kwa daktari umwambie ulikabwa, hata kama imepita miezi, hasa kama sauti ilibadilika ama kumeza kunakusumbua ama kichwa kinauma ovyo. Nenda kituo cha polisi uulize dawati la jinsia, uandikishe upewe namba ya OB, kile kitabu chao cha kuandika matukio, na fomu ya P3 ya daktari kujaza vile uliumizwa. Najua utaniambia imekaa sana, watacheka. Andikisha tu. Karatasi ya leo inayosema ni kitu cha mwezi wa tatu ni afadhali kuliko kukosa karatasi. Ukiogopa usiku piga 1195, laini ya waliofanyiwa vurugu, ni ya bure, na ya watoto ni 116.

Sasa upatanishi. Nafikiri jina lenyewe ndilo limewachanganya, wewe na pasta pamoja, juu mtu akisikia upatanishi anafikiria ile patanisho ya redio asubuhi, mtu anapigiwa simu, analia, anaambiwa rudi nyumbani bwana amebadilika. Ya korti sio hiyo. Ilianza hapa Milimani 2016, kwa kesi za familia na za biashara, halafu ikasambaa, na Katiba yenyewe Kifungu cha 159 inaambia mahakama ziikubali. Unapewa mpatanishi aliyeidhinishwa, hamumlipi, Mahakama ndiyo inamlipa, na ako na siku 60 za kumaliza, anaweza kuongezewa 10. Kazi yake ni kuwasaidia muelewane watoto watalala wapi, watasoma wapi, nani analipa nini. Hana ruhusa ya kukurudisha kwa ndoa. Hata hawezi kuamua kesi, msipoelewana faili inarudi kwa hakimu na yale mliongea mle ndani hayatumiwi kama ushahidi. Mkielewana ndio makubaliano yanapelekwa kortini yanakuwa amri, na hapo ndipo uwe macho, juu ukishatia sahihi kitu kwa woga kukitoa ni kazi.

Ni lazima uende? Usikose tu hivi hivi, mwanangu, hiyo ndiyo kosa watu wanafanya. Usipotokea mpatanishi anaandikia korti kwamba hukutii, na huyo mtu wako anapata kitu cha kusema. Lakini kuenda na kukaa meza moja na yeye ni vitu viwili tofauti.

Nikuambie ukweli, mimi miaka mingi nilikuwa nasema kesi yenye kipigo isikaribie upatanishi hata kidogo, ni kumpeleka mbuzi kwa fisi wajadiliane. Nilibadilisha mawazo kidogo, sio kabisa, nilipoona utafiti mmoja uliofanyiwa korti ya Washington, D.C., ulitoka 2021. Walichukua wazazi waliokuwa wamesema kuna vurugu kubwa nyumbani, wakawagawanya kwa kura, wengine upatanishi wa vyumba viwili ambapo mpatanishi ndiye anatembea huku na huku, wengine upatanishi wa video kila mtu mahali pake, wengine wakarudi kwa kesi ya kawaida. Wale wa upatanishi walisema walijisikia salama kuliko wale wa kesi, na kesi ya kawaida ilichukua kama mara mbili ya muda. Nilishangaa. Halafu ukifikiria unaona inaeleweka, juu kwa korido ya korti mnakaa benchi moja masaa matatu mkingoja kuitwa na hakuna mtu anajua ni nani anaogopa nani.

Lakini soma masharti kabla ufurahie. Wale wazazi walikuwa wameulizwa mapema, kila mtu peke yake, maswali yameandikwa, na kila mmoja akakubali mwenyewe bila kusukumwa. Hawakukalishwa pamoja. Wapatanishi walikuwa wamefunzwa mambo ya kipigo. Na hiyo ya kuuliza mapema ndiyo roho ya hii mambo yote, kwa sababu kuna utafiti mwingine wa watafiti hao hao, wa 2011, uliolinganisha yale wapatanishi waliona kwa njia yao ya kawaida na yale wazazi wenyewe walijaza kwa maswali maalum ya kuandikwa, na hao wapatanishi, zaidi ya nusu ya kesi ambazo watu wenyewe walikuwa wamesema kuna vurugu, wao hawakuziona. Zaidi ya nusu, na ni watu wa kazi hiyo. Sasa wewe uende Alhamisi umevaa vizuri, unajibu ndio mama, sawa mama, vile mamako amekushauri, mpatanishi wa watu atajuaje? Ataona baba ako na mshahara na mama mpole anayekubali kila kitu, atafurahi kesi imeisha haraka.

Kwa hivyo mamako namheshimu, anataka unga iendelee kuingia, lakini kwa hii amekosea. Kunyamaza ndiko kutakuumiza kwa hicho chumba. Usiseme mbele yake, sema kabla. Andika barua kwa naibu msajili wa upatanishi hapo Milimani, namba ya kesi juu, na useme kwa maneno rahisi: nimewahi kupigwa na kukabwa koo na huyu, namwogopa, siwezi kuongea mbele yake, naomba tuwe vyumba tofauti ama kwa video, naomba tusifike na tusitoke wakati mmoja, naomba kuja na wakili wangu. Bandika nakala ya OB. Kama unaona hata hivyo huwezi, sema hutaki upatanishi na uombe faili irudi kwa hakimu, na useme ni kwa nini. Barua ifike mikononi ya mtu aigonge stempu, wewe ubaki na nakala. Na usione haya kuandika, kwa ule utafiti wa afya wa nchi nzima wa 2022, KDHS, wanawake 34 kwa kila 100 walisema wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15, huyo karani wa pale hutakuwa wa kwanza kumfikia.

Wakili huna, nimeona hukumtaja hata mmoja. Enda FIDA, wale mawakili wanawake, ama Kituo cha Sheria, wote wanasaidia wasio na pesa ya wakili, uende Jumatatu, uende asubuhi, ubebe karatasi zote za korti. Waulize mambo mawili: kama umejibu yale madai ya kuiba watoto, juu kama majibu yako hayako kwa faili basi faili inasema stori ya upande mmoja, na wakuombee amri ya ulinzi chini ya ile sheria ya 2015 ya vurugu za nyumbani. Ile sheria haihesabu ngumi peke yake, vitisho viko ndani, kufuatwafuatwa kuko ndani, hata kunyimwa pesa ndio unyenyekee kuko ndani. Hiyo ya kukata pesa ya watoto mamako anaogopa, unaona?

Kupokonywa watoto. Katiba Kifungu cha 53 inasema baba na mama wako na wajibu sawa, mmeoana ama hamjaoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 iko hivyo, kwa hivyo usiende ukifikiria yeye hana haki yoyote. Lakini hicho kifungu kinasema pia kitu kinachotangulia vyote ni maslahi ya mtoto, na mahakimu wetu kwa miaka mingi wamekuwa hawaondoi mtoto mdogo kwa mamake bila sababu nzito. Kuuza mboga sio sababu nzito. Mshahara wake unamfanya alipe matunzo, haumnunulii mtoto. Na kutoka na watoto ukikimbia kukabwa, mradi useme ni kukabwa ulikuwa unakimbia, ni kitu tofauti na kuiba, lakini ukilinyamazia hilo basi inabaki tu mwanamke aliyeamka asubuhi moja akahama. Afisa wa watoto anaweza kutumwa kuangalia mnakoishi na kuandika ripoti, usiogope, asipate tu mmelala sita kitanda kimoja na usimfiche.

Mkifika mahali pa kuandika makubaliano, yaandikwe mpaka saa. Maneno kama baba atawaona watoto mara kwa mara yakatae, hayo ndiyo yanakuja kukugongea mlango saa nne usiku. Jumamosi gani, kutoka saa ngapi, wapi. Mimi ningeomba mwanzoni awaone kwa ofisi ya watoto mtu akiwa hapo, na baadaye kama mambo yametulia makabidhiano yafanyike mbele ya supamaketi yenye watu, na anayewapeleka awe dadako. Fee ya shule iende moja kwa moja kwa paybill ya shule. Pesa ikija kwa simu yako inakuja na simu ya pili ya kuuliza uko wapi na uko na nani. Na ukichoka, sema umechoka, omba siku ingine, nimekuambia wako na siku 60, hakuna mtu anafukuzwa na gari ya mwisho.

Pasta mwambie asante kwa maombi. Akisisitiza mambo ya kurudiana, muulize kama yeye atalala hapo sebuleni.

Kijana. Mwambie hakuna mtu atamwambia achague. Kuna mtu mkubwa anaweza kumuuliza vile anaishi, anapenda nini, analala vizuri ama anaota vibaya, na aseme ukweli wake vile uko, hata kama ni kusema anamkosa babake, juu pengine anamkosa na hiyo utaivumilia. Usimfundishe maneno. Hao maafisa wanajua mtoto aliyefundishwa tangu anaingia mlangoni, na halafu mzigo wa kesi unakuwa ameubeba yeye, ako miaka 7.

Leo ni Ijumaa. Barua iandike leo usiku watoto wakilala, nusu karatasi inatosha, na kama Kiingereza cha korti kinakutisha iandike kwa Kiswahili, ni lugha rasmi na wataisoma. Ukimaliza nitumie kwa namba ya hapa chini niiangalie kabla ya Jumatatu.