Muulize Fundi: Geji imeshuka nusu, mbona bibi anavuta vilevile?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Bibi yetu yuko nyumbani hapa Langoni, Lamu, daktari kamwandikia oksijeni lita 2 kwa dakika, tumekodi mtungi wa lita 10. Asubuhi geji ilisoma bar 120 (bar ni kipimo cha presha), sai alasiri iko 60, lakini ile gololi kwenye kibomba cha plastiki, inayoonyesha lita kwa dakika, imekaa palepale kwa 2. Geji ni mbovu ama? Halafu nati ya regulata, kile kifaa cha kupunguza presha mdomoni mwa mtungi, ni ngumu, jirani yetu fundi wa majahazi asema ataipaka sifa kidogo, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, ilainike.

JIBU: Waaleikum salaam. Tuanze na huyo jirani kabla hajafika na kopo lake. Sifa, grisi, mafuta ya nazi, hata mkono uliotoka kwa karai ya mahamri, visiguse regulata kabisa! Ukifungua mtungi oksijeni inaingia mle kwa kishindo, inajibana na kupata moto, na mafuta yakikutana nayo yanawaka bila kiberiti. Kwa hivyo vali nayo ifungue polepole, na chetezo cha udi kitoke chumbani kwa bibi. Nati ikigoma, mrudishieni aliyewakodisha.

Geji ni nzima. Inasoma presha ya ndani ya mtungi, sio ile inayomfikia bibi. Ndani ya regulata kuna kiwambo chembamba, upande mmoja kinasukumwa na springi, upande wa pili na oksijeni iliyokwisha pita, sasa presha ikizidi hapo kiwambo kinarudi nyuma vali inajifunga, oksijeni ikitoka kwenda kwa bibi presha inashuka, springi inashinda, vali inafunguka tena kidogo, ni kama boya la tangi la maji hapo juu darini. Inatoka kama bar 4 tu, mtungi uwe na 120 au 60, ndio maana gololi haishuki.

Msiifananishe na gesi ya kupikia. Ile mtungini ni majimaji, presha haishuki mpaka yakaribie kwisha. Oksijeni ni hewa iliyobanwa, kwa hivyo sindano inashuka sawa na kilichobaki: 60 mara lita 10 ni lita 600, gawa kwa 2, dakika 300. Saa tano hizo, na msingoje mpaka sindano ilale kwenye sifuri. Kama mtungi wa pili unavushwa kutoka Mokowe kule bara, pigeni simu sasa hivi, boti za usiku mnazijua wenyewe.