Kuacha ajira ufuge kuku wa nyama: bado usiandike barua

Mkuu, umeuliza kama uache kazi ya uhasibu mwezi ujao ufuge kuku wa nyama 500, kwa kuwa mshahara hautoshi na akiba kidogo unayo. Mimi nasema bado.

Hesabu uliyoweka ina vifaranga na faida tu. Chakula kiko wapi? Hicho peke yake kinakula zaidi ya nusu ya gharama. Kuku hao wanafika sokoni wiki ya 5 au 6. Wakipitiliza wanatafuna mtaji kila siku, na dalali anakupa bei ya kutupa maana anajua umebanwa. Kwa hiyo tafuta mnunuzi kabla ya kifaranga. Anza na 100 ukiwa bado kazini, na chanjo simamia mwenyewe: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Kijana wa banda akisahau moja tu, utafukia mizoga.

Halafu, ukijiuzulu kwa hiari, fao la kukosa ajira la NSSF hulipati. Na kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, benki haisubiri kuku wakue (hili limewatoa watu jasho kuliko kideri).

Ukiuza mizunguko mitatu mfululizo na faida ikabaki baada ya kulipa kila kitu, pamoja na huyo kijana, hapo andika barua. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Oda ya vifaranga wa mzunguko wa nne iweke humo humo.