Mlango wa Gari Umekwama? Usikimbilie Kununua Loki

Mara nyingi loki inayolaumiwa haina kosa. Vumbi la murramu limeshikana na grisi ya zamani hadi ikagandamana, au klipu ya plastiki imevunjika ndani ya mlango. Kabla ya kushuka Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri Nairobi, kutafuta nyingine, jaribu vishikio vyote viwili.

Kama cha nje kinafungua na cha ndani hakifungui, na ni mlango wa nyuma, tazama loki ya watoto kwenye ukingo wa mlango. Ikiwa haijawekwa, waya wa kishikio cha ndani umechomoka au umekatika. Cha ndani kikifungua na cha nje kikawa chepesi mkononi, klipu inayoshika fimbo ya kishikio imevunjika, au kishikio chenyewe. Loki ya umeme ikilia kwenye milango mitatu na wa nne ukanyamaza, kagua nyaya ndani ya mpira ulio karibu na bawaba kabla ya kulaumu mota. Hukatika hapo kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa.

Mlango usiofunga nao una dawa yake. Tazama ukingoni: ule ulimi unaozunguka huenda umejifunga mlango ukiwa wazi. Usiubamize, utapinda. Vuta kishikio cha nje, usukume ulimi kwa bisibisi hadi ufunguke. Kisha ubonyeze ndani: unapaswa kulia mara mbili, na ukivuta kishikio uruke wenyewe. Ukirudi kivivu, ni uchafu. Pulizia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, uufungue na kuufunga mara 20 hivi, futa weusi unaotoka, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu. Wengi huishia kwenye kupulizia. Mafuta hayo huosha hata grisi iliyobaki, kisha hukauka, na tatizo hurudi.

Ulimi ukiwa sawa, angalia chuma cha umbo la U kwenye nguzo ya bodi. Mkwaruzo mpya wa upande mmoja unaonyesha mlango umeshuka. Uinue ukiwa wazi. Ukicheza, bawaba ndizo mbovu. Usipocheza, weka alama kwa penseli kukizunguka chuma hicho, legeza skrubu zake na ukisogeze milimita moja tu.

Mlango uliokwama ukiwa umefungwa ndio kazi. Mmoja ausukume kwa nje karibu na loki huku mwingine akivuta kishikio na kubonyeza loki ya umeme mara kwa mara. Ukikataa, toa ubao wa ndani. Skrubu za loki ziko ukingoni na hazifikiki, kwa hiyo unatafuta kile kimkono cha loki ukisukume kwa bisibisi ndefu. Ile plastiki iliyogundishwa ibandue polepole na uirudishe vizuri, la sivyo mvua za masika zitaingia hadi kwenye zulia.

Ukilazimika kununua loki ya ex-Japan, yaani iliyotumika kutoka Japani, beba ya zamani. Linganisha upande, mbele au nyuma, na idadi ya pini za soketi, halafu ijaribu kwa bisibisi kabla ya kulipa. Skrubu mara nyingi ni za kichwa cha nyota, saizi T30, na hukazwa sana. Biti isiyotoshea itazila vichwa. Ukishafunga loki, ijaribu kwa vishikio vyote viwili mlango ukiwa bado wazi, ndipo urudishe ubao.