Bibi Titi hakutoka vyama vya wafanyakazi

Ndugu, umeuliza kama Bibi Titi Mohamed aliingia siasa kupitia vyama vya wafanyakazi, kama alivyofanya Rashidi Kawawa. Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa kuelezwa. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, lililoanzishwa mwaka 1955 Kawawa akiwa katibu mkuu wake, liliwakusanya watu wa mishahara, yaani makarani, makuli wa bandarini na watumishi wa majumbani, ilhali wanawake wengi wa Dar es Salaam walijipatia riziki kwa kupika maandazi na vitumbua au kutengeneza pombe, kazi ambazo hazikuwa na mwajiri wa kugomewa. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma, na kwa njia ya vikundi vya namna hiyo aliwaingiza wanawake kwa wingi katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia mwaka huohuo wa 1955. Kwa maoni yangu, hiyo ilikuwa kazi kubwa isiyopungua ya chama chochote cha wafanyakazi.

Baada ya uhuru aliongoza UWT, yaani umoja wa wanawake wa nchi, na kuwa naibu waziri, akakosa ubunge mwaka 1965. Alikamatwa mwaka 1969 pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa Waziri wa Kazi na kiongozi wa NUTA, chama cha wafanyakazi cha taifa, na huenda hapo ndipo jina la Bibi Titi lilipohusishwa na vyama vya wafanyakazi. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa mwaka 1972.