Staili ya marejeleo kwa tasnifu ya Kiswahili: nilivyorekebisha ya kwangu hapa Moshi

Mkuu, nimesoma ulivyoeleza toka huko Arusha. Msimamizi amekurudishia tasnifu mara ya tatu, na safari hii hana neno na hoja zako, tatizo lake ni kurasa za mwisho. Anataka "na" pale programu inapoweka "&", anataka "na wenzake" badala ya "et al.", "uk." badala ya "p.", na mji wa uchapishaji urudi mahali pake. Unatumia Zotero, ile programu ya kutunza na kupanga marejeleo, na umeuliza kama kuna staili ya Kiswahili iliyokwisha kutengenezwa uipakue, au ukae usiku kucha ukisahihisha kwa mkono ndani ya Word.

Kwa mkono usisahihishe. Hilo naliweka mbele ya yote kwa sababu lilinigharimu. Tasnifu yangu ya umahiri ilihusu istilahi za wakulima wa kahawa katika vyama vya msingi vya huku mlimani, na orodha yangu ya marejeleo ilipita mia moja na sitini. Nilikaa chumbani Rau siku mbili, nikabadilisha "&" moja baada ya nyingine mpaka macho yakauma. Siku ya tatu nikaongeza kitabu kimoja tu kwenye sura ya pili. Programu ikaijenga orodha upya kutoka mwanzo, na kila nilichokisahihisha kikarudi kilivyokuwa. Ile orodha si maandishi ya kawaida. Ni kitu kinachozalishwa kila unapoongeza rejeleo au kubadilisha staili, kwa hiyo marekebisho yafanyike kule kinakozalishwa.

Sasa, kule kunakozalishwa kuna sehemu tatu, na watu wengi hukwama kwa kuzichanganya. Ya kwanza ni taarifa ulizojaza mwenyewe: jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji. Ya pili ni staili, yaani faili linalosema nini kitangulie, nini kifuate, wapi pawe na nukta, wapi pawe na herufi za mlazo. Ya tatu ni maneno yanayochomekwa katikati, kama "and", "edited by", "retrieved from". Kila alama nyekundu aliyoweka msimamizi wako iko kwenye mojawapo ya sehemu hizo. Kabla hujagusa chochote, chukua ile nakala aliyoirudisha, pita alama moja moja, andika pembeni 1, 2 au 3. Nilipofanya hivyo niliona kwamba zaidi ya nusu ya makosa yangu yalikuwa ya sehemu ya kwanza. Staili haikuwa na kosa lolote hapo. Ni mimi niliyejaza vibaya.

Jambo jingine la kufanya kabla ya kompyuta: andika kwa mkono ukurasa mmoja wa mifano. Kitabu cha mwandishi mmoja, kitabu cha waandishi watatu, sura ndani ya kitabu chenye wahariri, makala ya jarida, tasnifu, ripoti ya taasisi, tovuti, mahojiano. Mpelekee msimamizi, asahihishe hapo hapo, mkubaliane. Mwongozo wa chuo nilikosoma ulikuwa na mifano minne tu, na miwili kati ya hiyo ilipingana. Bila ule ukurasa ningeendelea kubahatisha. Msimamizi wangu, Mungu ambariki, aliukalia nusu saa nzima na kalamu, na tangu siku hiyo hakunirudishia kazi kwa sababu ya marejeleo.

Baada ya hapo tafuta staili iliyo karibu zaidi na ukurasa wako, usianze na faili tupu. Hazina ya Zotero ina staili zaidi ya elfu kumi. Hapa kuna jambo ambalo huenda likakumalizia robo ya kazi: suala la mji wa uchapishaji. Toleo la 7 la APA, staili ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, lililotoka mwishoni mwa 2019, liliondoa mji. Toleo la 6 lilikuwa nao. Miongozo mingi ya vyuo vyetu iliandikwa wakati wa toleo la 6, na wasimamizi wetu walilelewa nalo. Ukichagua APA kwenye Zotero bila kuangalia, unapewa la 7, kisha mzee anakuuliza Dar es Salaam imekwenda wapi. Toleo la 6 bado limo kwenye hazina, litafute kwa jina lake. Kama unachohitaji ni mji tu, umemaliza.

Ila kuwa makini na waandishi wengi. Toleo la 6 hutaja waandishi watatu hadi watano wote mara ya kwanza, ndipo baadaye hufupisha. La 7 hufupisha kuanzia watatu, mara ya kwanza na zote zinazofuata. Muulize msimamizi anataka lipi. Ndani ya faili, namba inayotawala hilo inaitwa et-al-min, kwenye sehemu ya citation, yaani marejeleo ya ndani ya matini. Ukiweka 3, ufupisho unaanza kwa waandishi watatu.

Faili lenyewe huishia na .csl. Ni lugha ya wazi ya kuandikia staili za marejeleo, na Mendeley, programu nyingine ya marejeleo, nayo huitumia, kwa hiyo hata ukihama kazi yako haipotei. EndNote ina mfumo wake, haya hayaihusu. Unaweza kulifungua faili kwa Notepad ya kawaida. Usiogope ukiona mabano mengi yenye ncha. Kuna pia kihariri cha bure mtandaoni, editor.citationstyles.org, ambacho kinakuonyesha mfano wa rejeleo. Ukibofya kipande chake kinakupeleka kwenye mstari unaokitawala. Mimi nilijifunzia pale, ingawa kilikula bando, kwa hiyo nikishaujua mstari nilikuwa narudi Notepad.

Mitego miwili kabla hujaanza kuhariri. Mtego wa kwanza: staili nyingi kwenye hazina ni vivuli. Ukilifungua faili unakuta mistari michache tu, hakuna kanuni yoyote ndani, ila kiungo cha kuielekeza kwa staili mama. Ukihariri kivuli hakuna kitakachobadilika. Mtafute mama. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: juu kabisa ya faili kuna title na id. Badilisha vyote viwili, weka jina lako, na ufute mstari wa kiungo wenye neno self. Usipofanya hivyo, Zotero itaiona staili yako kama ile ile ya hazina, na siku itakapojisasisha itafuta kazi yako yote kimya kimya.

Tuingie kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Alama ya "&" ina hatua mbili. Kwanza, ndani ya faili la APA utakuta and="symbol" sehemu zaidi ya moja. Kila penye symbol weka text. Sasa itatoka "and". Pili, unaiambia staili kwamba neno hilo kwetu ni "na". Hilo hufanywa kwenye sehemu inayoitwa locale, karibu na mwanzo wa faili, ambamo unaorodhesha neno la ndani na tafsiri yako: and ni "na", et-al ni "na wenzake", retrieved ni "imepakuliwa", from ni "kutoka", no date ni "h.t." (hakuna tarehe), na miezi kuanzia month-01 hadi month-12, Januari mpaka Desemba. Kama faili tayari lina locale ya Kiingereza, maneno yaliyomo humo hutangulia ya kwako. Mimi nilihangaika jioni nzima neno moja likikataa kubadilika, kumbe limefafanuliwa juu kidogo. Lirekebishe humo humo.

Kilichonifurahisha ni kwamba mfumo huu unajua umoja na wingi. Kwa page unaandika umoja "uk." na wingi "kur.", na programu yenyewe inaangalia: ukurasa mmoja inaweka uk. 45, kurasa kadhaa inaweka kur. 45–52. Kwa editor unaweka "mh." na "wah.". Ngeli zetu zinaingia humo bila taabu yoyote. Nilipoona mara ya kwanza orodha nzima imejipanga na "wah." yake kwenye vitabu vya wahariri wawili na "mh." kwenye vya mmoja, nilimwita jirani aje kutazama.

Lakini kutafsiri maneno peke yake hakutoshi, kwa sababu mpangilio wa sentensi ni wa Kiingereza. Mfano mzuri ni toleo. Kiingereza kinatanguliza namba: "2nd ed." Ukitafsiri neno tu, utapata "2nd toleo", kitu ambacho hakuna Mswahili anayekisema. Nenda kwenye macro (kifungu cha kanuni chenye jina lake) inayoitwa edition. Humo utaona mistari miwili: wa namba juu, wa neno chini. Ihamishe, neno liwe juu na namba chini. Kwenye mstari wa namba badilisha ordinal kuwa numeric, na tafsiri ya neno iwe "toleo la". Inatoka "toleo la 2". Tarehe nazo ni hivyo hivyo: APA hutanguliza mwezi kabla ya siku, sisi tunatanguliza siku, kwa hiyo hamisha mstari wa day uwe juu ya month. Hapa ndipo utajua kwamba unaandika staili ya Kiswahili, hutafsiri ya Kiingereza.

Sasa sehemu ya kwanza, taarifa. Taasisi ndizo zinazoharibu orodha za watu wengi. Ripoti ya sensa ya 2022 ni ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ukiiingiza vibaya, programu inadhani ni mtu ambaye jina lake la ukoo ni Takwimu, na orodha inatoa "Takwimu, O." na herufi nyingine zisizoeleweka. Kwangu KNCU, ushirika ulioanzishwa hapa Kilimanjaro mwaka 1933, uligeuzwa mtu hivyo hivyo kwa jina lake refu. Pembeni ya sehemu ya jina kuna kitufe kidogo cha kubadilisha sehemu mbili kuwa moja. Kibofye kwa kila taasisi, wizara na chama. Staili haiwezi kukufanyia hilo.

Kingine ni sehemu ya lugha, ambayo karibu kila mtu huiacha tupu. Staili zinazokuza herufi ya kwanza ya kila neno kwenye anwani (jina la kitabu au makala) huchukulia kazi yako ni ya Kiingereza mpaka uiambie vinginevyo. Matokeo ni anwani kama "Chimbuko Na Maendeleo Ya Ushirika", huku "na" na "ya" zikiwa na herufi kubwa. Andika sw kwenye sehemu ya lugha kwa kila kazi ya Kiswahili, na anwani zitabaki ulivyozijaza. Unaweza kujaza upya kazi moja moja jioni ukisikiliza redio. Mimi zilinichukua jioni mbili.

Mahojiano yalikuwa suala gumu kwangu, na naona nawe una wazee uliowahoji. APA husema mazungumzo binafsi yatajwe ndani ya matini tu, yasiingie kwenye orodha. Msimamizi wangu alikataa, na naamini alikuwa na haki. Mzee aliyenikalisha barazani kwake Kibosho saa tatu, akanieleza jina la kila hatua ya kahawa toka mbuni hadi gunia, ni chanzo kama kitabu kilivyo chanzo, bora tu awe ameridhia kutajwa. Zotero ina aina ya rejeleo ya mahojiano, na anayehojiwa huchukuliwa kama mwandishi. Kwenye sehemu ya bibliography weka sharti: kama aina ni interview, toa jina, tarehe, kisha maneno "Mahojiano ya ana kwa ana". Mistari kama kumi hivi. Weka sharti hilo juu ya mengine ili lisomwe kwanza.

Ukimaliza, faili likibofywa mara mbili hujisakinisha lenyewe, au tumia alama ya kujumlisha kwenye mipangilio ya Zotero, sehemu ya Cite. Likikataa kuingia, mara nyingi kuna tagi (yale maneno ndani ya mabano yenye ncha) umeifungua hujaifunga. Jaribu kila badiliko peke yake kabla ya kufanya jingine, na weka nakala ya kila hatua kwa jina la tarehe. Kisha rudi Word, chagua staili yako kwenye mipangilio ya waraka, na ulinganishe na ule ukurasa mliokubaliana.

La mwisho kabla ya kwenda steshenari. Nilipeleka faili likiwa bado limeunganishwa na Zotero. Kwenye kompyuta ya pale mtu alikuwa amewasha mpangilio wa Word wa kuchapa misimbo badala ya maandishi. Nakala nzima ikachapwa ikiwa na mistari mirefu ya ADDIN ZOTERO_ITEM kila palipo na rejeleo, na nililipa. Tengeneza nakala ya pili, ikate uhusiano na Zotero kwa kitufe cha Unlink Citations, ihifadhi kama PDF, hiyo ndiyo uibebe kwenye flashi. Ile hai ibaki nyumbani, kwa sababu mtahini wa nje bado hajaandika yake.

Ukikwama, bandika hapa mistari ya macro inayokusumbua pamoja na mfano mmoja wa unavyotaka itoke. Huwa napita hapa jioni baada ya kazi.