Maswali Yenu ya Muziki: Fidla ya Marekani na Nyoka Ndani ya Boksi

SWALI: Salama ndugu yangu wa safu hii? Nimesikiliza mziki wa milimani kule Marekani, fidla ni moja lakini nasikia kama wako wawili watatu. Rafiki yangu anabisha eti ile ni vayolini ya kawaida, mi nasema ni chombo kingine kabisa. Nani kapata?
Mbishi

JIBU: Pole Mbishi, rafiki yako kapata. Ni boksi lilelile na nyuzi nne zilezile, tofauti iko kwenye mziki wenyewe na anayeupiga. Wengine wanachonga daraja la nyuzi, kile kibao kinachozibeba, liwe bapa kidogo, basi.

Ila masikio yako nayo hayana kosa. Wale wazee wa Appalachia, ndo hiyo milima ya mashariki mwa Marekani, upinde wao unagusa nyuzi mbili kwa pamoja karibu muda wote, mmoja unabeba wimbo na wa pili unavuma tu pembeni kama nyuki, halafu wanabadilisha na tyuni, yaani badala ya noti za kawaida G, D, A, E wanazikaza zile mbili nene zipande kidogo ziwe A, E, A, E, sasa hapo hata uzi ambao hajaugusa unaitikia wenyewe. Ndo huyo mtu wako wa tatu!

Mtafute Tommy Jarrell wa North Carolina, kazaliwa 1901 kafariki 1985. Kazi yake ilikuwa barabara, anaendesha greda, na alipostaafu ndo vijana wakaanza kumiminika nyumbani kwake kijiji cha Toast, mtu anatoka mbali na fidla yake mgongoni anakaribishwa ndani anajifunza. Mkono wa kushoto wa mzee yule hauna maajabu makubwa, we sikiliza wa kulia, upinde unakata mapigo mpaka unadhani kuna ngoma mahali.

Texas ni habari nyingine. Eck Robertson alienda New York 1922 akarekodi kwa kampuni ya Victor, na santuri zile zinahesabiwa kati ya za mwanzo kabisa za mziki wa kantri. Kwenye wimbo wa Sallie Gooden yuko peke yake, kila akirudia anaugeuza, haupigi mara mbili sawasawa. Baadaye Bob Wills akachukua fidla hiyohiyo ya Texas akaichanganya na jazi, ngoma na tarumbeta.

SWALI: Kaka, huo si mziki wa wazungu wa shamba tu? Sisi weusi tunaingilia wapi?
Msomaji wa kila toleo

JIBU: Mnaingilia mlangoni kabisa dada au kaka. Enzi za utumwa wapiga fidla wengi kwenye dansi za mabwana walikuwa watumwa wenyewe. Solomon Northup alikuwa mtu huru New York, 1841 wakamdanganya kuna kazi ya kupiga fidla kwenye sarakasi, akaja kushtuka yuko kwenye minyororo, miaka 12 Louisiana, na huko nako fidla ndo iliyokuwa inampatia visenti kidogo.

Na banjo inayoambatana na fidla si asili yake Afrika? Kampuni za santuri miaka ya 1920 ndo zilizogawa, katalogi hii ya weusi ile ya wazungu wa vijijini, weusi wakatakiwa wapige bluzi na fidla ikabaki upande wa wazungu. Mi naona mgawanyo ule ndo umetudanganya mpaka leo.

Kule Louisiana kwa Wakrioli, weusi wa huko wenye asili ya kuzungumza Kifaransa, kulikuwa na Canray Fontenot, huyu namhusudu kweli, fidla yake ya kwanza alitengeneza mwenyewe kwa boksi la sigara, na nyuzi akachomoa kwenye waya wa wavu wa mlango, ule wa kuzuia mbu. Na Joe Thompson wa Mebane, North Carolina, alikuwa kazeeka tayari vijana watatu weusi walipoanza kwenda kwake kujifunza 2005, wakajiita Carolina Chocolate Drops, 2011 wakabeba Grammy. Anza na hao.

SWALI: Ni kweli wanaweka nyoka ndani ya fidla?

JIBU: Nyoka mzima hapana jamani! Ni zile njuga za mkiani mwa yule nyoka anayelia, wanazikausha wanazipenyeza kwenye tundu la boksi. Ukiuliza kwanini, mmoja anakwambia zinafukuza panya, mwingine buibui, mwingine unyevu, mwingine anaapa sauti inanoga. Mi nadhani raha yao ni kuitikisa fidla mbele ya mgeni halafu wamwangalie usoni.